Orodha ya Wanaopumzishwa

Kwa miaka arobaini na minne nimeingia darasani kabla ya wanafunzi wangu, na asubuhi ile niliingia nikiwa tayari nimechoka. Nina umri wa miaka sabini na mmoja. Magoti yangu hayakubali tena miteremko ya Nyamitaba wakati wa mvua, na tangu mwaka juzi ninaandika ubaoni nikiegemeza mkono wa kushoto ukutani. Hata hivyo, mwalimu haachi kazi kwa sababu amechoka. Huacha siku Serikali inapomwandika kwenye orodha ya wanaopumzishwa. Faili yangu niliipeleka miaka sita iliyopita, sikujibiwa. Kisha, Jumapili, redio ya taifa ikatangaza kwamba orodha hiyo ingesomwa Jumatano, jimbo kwa jimbo, katikati ya vipindi vya kawaida, tangu alfajiri hadi jioni.

Ilipasa basi nisikilize redio kutwa, na sikuweza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeipiga marufuku shuleni. Ndivyo tulivyolelewa na mapadri katika bweni la vitanda arobaini: kengele ikilia, hata barua ya mama yako hungoja. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimemnyang'anya Élie, mwalimu wa darasa la tatu, simu yake kwa sababu ya mpira wa miguu. Nisingejiruhusu nilichomkataza.

Nyumba yetu imetengwa na shule kwa ua wa miti tu. Nilimpa mke wangu, Murekatete, daftari na kalamu, nikamweka na redio upande wa pili wa ua.

"Majimbo yatasomwa kwa mfuatano wa herufi," nilimwambia. "Nord-Kivu itafuata Mongala. Usibadilishe masafa, wala usizime."

"Na mawe ya redio? Iko yenye kuchoka kukupita weye, Papa Luc. Jana muzima niliianika juu ya bati."

"Betri zitatosha."

"Kama weye njo umeamuru, itasikia."

Kila somo lilipokwisha nilikwenda uani kupokea ripoti.

"Bas-Uélé walimaliza," alisema mara ya kwanza. "Majina mingi. Sasa kuko muntu wa kilimo, anasema tupande maharagi ku mustari. Shamba tutapita wapi kufikia, hakusema."

Mara ya pili walikuwa wamefika Haut-Katanga, na daktari alikuwa akizungumza na wasikilizaji. "Anasema wazee wakunywe maji na waache mawazo." Mara ya tatu, baada ya Ituri, kilikuwa kipindi cha sheria. "Mama moja aliuliza kama bibi anarithi bwana."

"Wakamjibu nini?"

"Anarithi. Nimeiandika ile pia."

Niligeuka, nikamkuta Élie amesimama nyuma yangu, chaki mkononi.

"Directeur," alisema kwa heshima iliyozidi kidogo, "mupira njo ilikuwa kosa. Orodha nayo iko nini?"

"Mimi sisikilizi. Ninaletewa ripoti."

"Ah. Basi siku ya Mungu bibi yangu ataniletea ripoti ya mupira."

Nilirudi darasani. Élie amefundisha kwetu miaka tisa, na kwa miaka hiyo yote hajapata namba ya Serikali, ile inayoleta mshahara. Wazazi humletea maharagwe na viazi wanapovuna. Ni mwalimu mwenye bidii, nami sijawahi kulikana jambo hilo, lakini sijawahi pia kumwachia daftari la majina wala funguo. Mali ya Serikali hushikwa na mtu ambaye Serikali imemwandika. Hata nilipolazwa kwa malaria, funguo zilikuwa chini ya mto wangu.

Saa sita na nusu niliwaachilia watoto, nikahesabu madirisha, nikafunga milango, ndipo nikaketi kando ya redio kwa haki yangu. Élie alikuja akaketi kizingitini. Hakualikwa, wala hakufukuzwa.

Tulisikiliza habari. Tukasikiliza Kinshasa, orodha ndefu iliyokatwa mara mbili na matangazo. Baadaye wataalamu wanne walijadiliana kuhusu barabara, wakaitaja ya Sake, ambayo sisi hatujaipita tangu Machi kwa sababu ya vita. Mmoja alisema barabara ni uhai wa taifa. Wa pili alisema amesema vizuri. Baada ya Lomami ukafuata mchezo wa kuigiza: ami mmoja aliyeuza ng'ombe wa yatima kisha akajifanya mgonjwa. Murekatete aliufuata kwa makini, kalamu hewani.

"Huyu atakufa," alisema.

"Hatakufa," alisema Élie. "Akikufa, kesho watatuambia nini?"

Mimi nilikuwa nikisinzia. Niliposhtuka, sauti ilikuwa imefifia, ikitoka kama chini ya blanketi, na ilikuwa ikisema Mongala. Murekatete aliyatoa mawe, akayauma kwa meno moja baada ya jingine, akayarudisha. Sauti ikapanda.

Nord-Kivu. Beni, kisha Lubero. Kisha Masisi.

Jina langu lilikuwa la saba. "Sebahire Straton, mkurugenzi, shule ya msingi, Nyamitaba." Mtangazaji hakulikosea. Nilikuwa nimefikiri kwamba saa hiyo nitasimama. Sikusimama. Nilihisi tu mabega yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo akiwa bado hajaamini kwamba umeondoka.

Kabla ya kuendelea, mtangazaji alisoma kanuni: kila aliyetajwa atabaki kazini mpaka makabidhiano, yaani remise et reprise, yatiwe sahihi na mrithi aliyeteuliwa.

"Sasa uko huru ao hauko?" aliuliza Murekatete.

"Niko huru mrithi atakapokuja."

"Basi hauko."

Alisema kweli. Mwalimu wa mwisho aliyeteuliwa kuja kwetu alifika Sake, akatazama mlima, akarudi na pikipiki iliyomleta.

Redio ilikwisha kupita Rutshuru, ikawa Walikale. Na huko, kati ya majina nisiyoyajua, ilimtaja Barthélemy, mkurugenzi wa shule moja ya Pinga, ikamshukuru kwa utumishi wake.

Barthélemy alilala kitanda cha karibu na changu bwenini miaka sita. Ndiye aliyekuwa akituamsha kabla ya kengele, ili kengele isitukute na aibu. Kwa muda mrefu aliniandikia, barua zikiletwa na wenye pikipiki, na kila barua ilisema neno moja: faili imekwenda, ninangoja mrithi. Amekufa miaka miwili sasa. Alianguka mbele ya darasa la sita, somo la hesabu, na walioosha maiti walimtoa funguo za shule mfukoni.

Leo redio ilimruhusu kupumzika, nayo ilimtaka abaki mpaka mrithi afike.

Kipindi cha michezo kilianza. Élie aliinua kichwa, akanitazama, akakiinamisha. Murekatete akazima redio bila kuniuliza.

"Élie," nilisema, "leta meza hapa nje."

Niliandika hati ya makabidhiano kwa mkono wangu, nakala mbili, kama nilivyofundishwa. Daftari za majina, sita. Mbao, sita. Kengele, moja. Madawati, thelathini. Chaki, boksi moja na nusu. Mkabidhi, jina langu. Mpokeaji, jina lake.

Alilisoma jina hilo, akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi sina numero, Directeur. Weye mwenyewe uliniambia, mbele ya wazazi: huyu hakuandikwa."

"Nilikuambia."

"Na sasa?"

"Sasa nimekuandika. Inspekta akipinga, ataona sahihi ya nani iko juu."

"Atakufunga."

"Atanifunga nikiwa nimeketi," nilisema, na Murekatete akaficha uso kwa kitenge.

Nilitia sahihi, nikampa kalamu. Élie aliinama, akasoma tangu juu, polepole, kidole chini ya kila mstari. Kidole kikasimama.

"Directeur, ma-banc haiko makumi tatu. Iko makumi mbili na kenda."

"Niliyahesabu mwenyewe Septemba."

"Ile ya nyuma mu darasa yangu, watu wenye kukimbia vita walipikia nayo ile wiki ya mvua. Sikukuambia, juu ungewakatalia kulala mule." Aliiweka kalamu juu ya meza. "Nitatia sinyatiri ku kitu yenye iko mule ndani. Yenye haiko, hapana."

Ningewakatalia. Sote watatu tulijua hilo. Nilifuta thelathini kwa mstari mmoja, nikaandika ishirini na tisa, nikaweka herufi za jina langu pembeni kama inavyotakiwa, nakala ya kwanza na ya pili, kisha nikamsogezea tena kalamu.