Miche Sita Kwenye Zizi la Zamani

Kazini walimwita Mama Magugu, na jina lilimkaa vizuri hata akaacha kulikataa. Kwa miaka kumi na mmoja ya utafiti alikuwa akiufuatilia mnanaha, gugu lenye maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba, ambalo ni sumu kuanzia mzizi mpaka mbegu. Alijua unapenda kuota wapi: si msituni, bali pale watu walipovuruga udongo. Kando ya barabara mpya, jalalani, kwenye vifusi, na zaidi ya kote kwenye zizi lililohamwa, maana samadi huulisha ukanenepa. Aliwatania wenzake kwamba mnanaha ni mgeni asiyebisha hodi. Husubiri nyumba ibomolewe ndipo aingie.

Basi kaka yake alipouza ng'ombe na kugeuza zizi kuwa bustani ya mchicha, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Mvua za kwanza ziliponyesha alifika na rula na daftari, akakuta miche sita ya mnanaha katikati ya mboga, majani yake laini, asiyeijua asingeitofautisha na mchicha. Mkono ulikwenda kung'oa, ukasita. Alihitaji vipimo vya wiki tatu tu kwa sura ya mazizi katika ripoti yake. Akaifunga nyuzi nyekundu, akamwambia wifi yake, aliyekuwa akianua nguo, kwamba yenye uzi ni sumu, asiiguse. Wifi akaitikia. Aliyasema hayo kwa haraka, mguu mmoja uko njiani, na mama yao aliyekuwa amejipumzisha chumbani hakuambiwa kitu.

Siku ya tisa wifi alikwenda sokoni. Mama, ambaye hakuweza kukaa bure, aliingia bustanini, akachuma, akapika, akala peke yake. Mchana kaka alimkuta uani, midomo imekauka, mboni za macho zimetanuka, anazungumza na marehemu mumewe. Alipomkaribia, mama alimkimbia kama mwizi, akateleza ngazini, akavunjika nyonga.

Mama Magugu alipitia bustanini kwanza kabla ya kwenda hospitali. Nyuzi zote sita zilikuwa mahali pake. Vishina vibichi vilivyokatwa vilikuwa kando yake: mama alikuwa amechuma mingine, iliyoota baadaye. Akakaa chini palepale kwenye tope. Nani alijua kuliko yeye kwamba mbegu za mnanaha haziamki zote siku moja?

Kaka hakufoka. Walikaa kwenye benchi la wodini, akauliza taratibu, "Ulijua ni sumu?"

"Nilijua."

"Ukaiacha."

"Niliiacha nipate kuipima."

"Ungeniambia mimi," kaka alisema, "ningelima upya bustani nzima."

Sumu ilimtoka mama baada ya siku tatu. Nyonga haikupona. Alirudi nyumbani akiwa wa kubebwa, na hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba mumewe huko aliko bado ni mgumu wa maneno. Wote walicheka, isipokuwa binti yake.

Ripoti aliimaliza bila sura ya mazizi. Mkuu wake alipouliza, alijibu kwamba vipimo havikutimia.

Kaka alikaa miezi bila kumpigia. Alipompigia, aliuliza jambo moja: mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingapi? Akamjibu ukweli, kwamba zinaweza kupita thelathini.

"Basi mvua zikianza, uje," kaka akasema, akakata simu.

Tangu hapo huja kila msimu, na si mara moja, kwa kuwa mbegu huota kwa awamu. Hupiga magoti kati ya matuta, akang'oa kila mche, akautia mfukoni bila kuupima. Wifi humletea maji ya kunawa. Asubuhi ya mwisho aliyokuwa huko, sauti ilimfikia kutoka dirishani, dhaifu, isiyo na kinyongo.

"Mwanangu, ukimaliza hapo njoo unigeuze. Upande huu umechoka."

Akainuka, akanawa mikono mara mbili, akaenda.