Pamoja na Dereva Wake wa Asili

Shemeji alitandika shuka jeupe juu ya meza ya kulia, akaweka taa mbili pembeni, akaanza kuzipiga picha treni ndogo za marehemu kaka yake. Alizipiga upande usio na mikwaruzo. Kichwa cha treni cha kijani, urefu wa kiganja, alikipaka mafuta ya nywele ya mkewe ili king'ae, akakiweka katikati ya shuka, kisha akakaa na simu kuandika tangazo la mnada wa mtandaoni. Aliandika: "Adimu mno. Hakijawahi kuchezewa. Kimetunzwa ndani ya kabati la kioo tangu kitoke kiwandani." Kabati la kioo halikuwahi kuwapo. Treni zile zilikaa ndani ya beseni chini ya kitanda, na zilichezewa kila jioni ya Mungu.

Marehemu alikuwa fundi wa lifti. Mtu akishinda kutwa anapanda na kushuka ndani ya shimo, jioni anataka kitu kinachokwenda mbele. Ndivyo alivyokuwa akijitetea. Mkewe, msaga lenzi katika duka la miwani, alikuwa akimcheka. "Mtu mzima na kitambi chake, kalala kifudifudi anapiga honi kwa mdomo!" Lakini magurudumu yakichomoka, yeye ndiye aliyeyarudisha, kwa kuwa mikono yake ilizoea vitu vidogo.

Fundi alipofariki, hata viti vya msiba vilikuwa havijarudishwa vilikokodiwa, shemeji aliingia chumbani akatoka na beseni.

"Nazitunza tu, shemeji," alimwambia mjane. "Hapa zitaliwa na panya."

Panya gani anayekula bati? Lakini mjane siku hiyo hakuwa na nguvu hata ya kufunga kanga vizuri, sembuse kubishana. Alimpisha mlangoni.

Bei ya kwanza ilikuwa bei ya pikipiki nzuri, na hakuna aliyeuliza chochote. Kesho yake shemeji alikwenda kupiga picha nyingine, akamkuta kaka yake ndani ya kichwa cha treni. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, kimo cha njiti ya kiberiti, amevaa ovaroli la kazini na miwani yake, anakohoa kama alivyokohoa miezi ya mwisho. Shemeji alimtazama. Akalinyoosha shuka lililokuwa na mkunjo, akasogeza taa, akapiga picha. Kisha akarekebisha tangazo: "Pamoja na dereva wake wa asili. Hajawahi kubadilishwa." Bei akaipandisha ikawa ya kiwanja.

Hata hujambo hakumwambia. Kaka yake wa damu, tumbo moja, anatoka alikotoka, na huyu bwana anatafuta upande wenye mwanga. Macho makavu kama hayo sijui mtu hununua wapi.

Mjane aliona tangazo dukani, saa ya mapumziko. Dada wa kaunta, ambaye hupita kwenye minada kama wengine wanavyopita sokoni bila kununua, ndiye aliyemwonyesha. Mjane alichukua lenzi ya kukagulia kazi, akaiweka juu ya kioo cha simu. Aliitambua miwani kabla ya uso. Fremu nyeusi, mkono wa kushoto umefungwa kwa uzi. Uzi ule aliufunga mwenyewe.

"Ni yeye," alisema.

"Kakonda," alisema dada wa kaunta, akaenda kumhudumia mteja.

Baada ya kazi mjane alikwenda moja kwa moja kwa shemeji, na lenzi yake mkobani.

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Karibu, shemeji, karibu. Lakini mnada ushafunguliwa. Nikiondoa tangazo sasa hivi watanifungia akaunti."

"Ni kaka yako huyo."

"Ndiyo maana nikaandika wa asili. Kuna uongo hapo?"

Alimruhusu kuzungumza naye, mradi asimguse, maana mafuta ya vidole hushusha thamani. Huyo aliyekipaka chombo mafuta ya nywele! Mjane aliinama mezani na lenzi yake.

"Umekula?" aliuliza marehemu. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilieleweka.

"Nimekula."

"Muongo wewe." Alikohoa. "Nirudishe nyumbani, mama. Hawa wananimulika mataa usoni tangu asubuhi."

Mjane alimwahidi kwamba atamrudisha. Usiku ule hakulala. Alijiandikisha mnadani, akatia dau. Alitia mshahara wake, akatia na kiinua mgongo cha marehemu chote, hela ambayo mtu alimaliza mapafu kwenye vumbi la mashimo ya lifti kuipata. Kila alipotia, mtu anayejiita Bwana Behewa alimpita kidogo. Mjane hakuwahi kumwona Bwana Behewa. Alichoona ni maswali yake chini ya tangazo, ya adabu kabisa, kama ya mtu anayenunua kabati.

"Dereva ana rangi ya kiwandani?"

"Kabisa, bosi," alijibu shemeji.

"Kikohozi ni cha kudumu au kinazimika?"

"Huzoeleka, bosi."

"Nimeangalia picha za zamani za kiwanda. Dereva hakuwa na miwani. Hiyo imebandikwa baadaye. Inaharibu seti."

Shemeji alisoma ujumbe huo wakati anakula. Akanawa mikono, akachukua kibano cha nyusi cha mkewe, akaikamata miwani. Marehemu aliishika kwa mikono yote miwili. Shemeji alivuta. Marehemu alimwita kwa jina la utotoni, lile walilopeana wakilala kitanda kimoja. Shemeji alivuta tena, fremu ikakatika pale penye uzi. Aliifuta kwenye ukingo wa sahani pamoja na mabaki ya chakula, akaandika: "Miwani imeondolewa. Dereva amerudi katika hali ya kiwandani." Halafu akamalizia kula. Hapo ndipo roho inapochafuka. Kuiba, watu wanaiba. Lakini kumalizia kula!

Bila miwani, fundi alikuwa haoni hata breki yake. Shemeji alipoiendesha treni kwenye reli ili apige video, ilianguka kwenye kona ya kwanza, na dereva akatoka kwa magoti akipapasa shuka. Shemeji aliukata mwisho wa video akaipandisha hivyohivyo. Watu kadhaa waliisifu.

Mnada ulifungwa kwa dau la Bwana Behewa. Simu ya mjane ililia papo hapo.

"Pole, shemeji. Ungeongeza kidogo tu! Mimi nilikuwa upande wako."

Mjane alifika mbio, akakuta sanduku limekwishachukuliwa na mtu wa vifurushi. Shemeji alikuwa analikunja shuka. Alisema amemfungia vizuri, kwa magazeti, na amebandika karatasi ya kuonya kwamba vitu vinavunjika. Mjane aliomba anwani ya mnunuzi. Hilo hakunyimwa, kwa sababu halikuwa na bei.

Kipimo cha macho ya mumewe alikijua kwa moyo, kulia na kushoto. Alisaga lenzi mbili kutoka kwenye vipande vilivyobaki kazini, kila moja kama punje ya ufuta, akaacha kula mchana mpaka zikakamilika. Fremu aliisuka kwa uzi wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa lifti uliosahauliwa mfukoni mwa ovaroli la marehemu. Dada wa kaunta alimshikia taa. Aliweka miwani ndani ya pamba, akaandika barua: "Ndugu, hii ni miwani ya dereva. Bila hiyo haoni. Tafadhali mvalishe. Ukimchoka, usimtupe wala usimuuze, nitamfuata popote."

Bwana Behewa hakujibu. Zilipita wiki, mjane akisaga miwani ya watu wengine, mpaka mchana mmoja dada wa kaunta akamletea simu. Mjane alichukua lenzi. Marehemu alikuwa kwenye kiti chake, nyuma yake kitambaa cheusi badala ya shuka jeupe, na miwani mpya usoni. Alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, kama mtu anayemtafuta mtu kituoni.

"Imemkaa," alisema dada wa kaunta.

"Kushoto imeinama kidogo," alisema mjane. Kisha akasoma tangazo.

"Kichwa cha treni cha kijani, adimu mno. Pamoja na dereva wake wa asili na miwani iliyotengenezwa kwa mkono, jozi pekee duniani, na barua ya kuthibitisha." Bei ilikuwa ya nyumba. Chini yake, penye kasoro, Bwana Behewa alikuwa ameandika: "Jioni dereva huita jina la mwanamke. Haiathiri mwendo."

Swali la kwanza lilikuwa la shemeji. Alitaka kujua kama kwa kasoro hiyo bei itapunguzwa.