Miguu ya Gari la Macho

Jumamosi moja ya Machi mwaka 2009, saa moja asubuhi, Tunduma nzima ikiwa bado inachovya maandazi kwenye chai, gari la macho, kliniki ya macho inayotembea, liligoma kuondoka. Halikugoma kwa injini wala kwa tairi. Liligoma kwa miguu.

Gari lile lilikuwa na miguu kweli. Huko ng'ambo lilikotoka lilikuwa nyumba. Wastaafu walilala ndani yake, wakapika na kuoga humo, na walipochoka na majirani waliiwasha nyumba yao wakahama. Lilipoletwa kama msaada, kitanda kiling'olewa pakawekwa meza ya upasuaji, na jiko likapewa cheo kipya cha kuchemsha vifaa. Ila jicho la mtu halipasuliwi kwenye sakafu iliyoinama. Kwa hiyo kila pembe ilikuwa na jeki ya mafuta. Ukibonyeza kitufe, jeki zote nne zinashuka na kulinyanyua gari mpaka sakafu inatulia kama maji kwenye beseni. Ukibonyeza kingine, springi zinazivuta juu.

Asubuhi hiyo zile mbili za mbele zilipanda. Mbili za nyuma zilibaki zimekanyaga ardhi, na king'ora cha kumwonya dereva kililia bila kupumzika, kama kengele ya bweni ambayo mwanafunzi wa zamu ameipiga akasahau kuiacha.

Shaban, dereva wa gari hilo, akaenda kumwita Yunisi.

Hakuhitaji kumwamsha. Yunisi alikuwa amekaa juu ya begi lake mbele ya kontena lake la ufundi, akisubiri kupitiwa, maana alikuwa na safari yake ndani ya gari lilelile. Kijijini kwao Ikinga, kule Ileje, alikuwepo bibi yake Tusekile, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfungia bibi huyo dunia kwa miaka mitatu, akabakiza mwanga wa mlango tu. Gari lingefanya kazi Ikinga Jumapili, siku moja, kisha lisirudi mpaka mwaka unaofuata. Bibi Tusekile alishasema kwamba katika umri wake mwaka mzima si kitu cha kumwahidi mtu.

Daktari Bushra, mwenye gari na mwenye haraka, alieleza mambo kwa ufupi. Ikifika saa saba mchana lazima wawe njiani, kwa sababu mvua ya jioni ingeigeuza barabara ya Ileje kuwa uji. Endapo jeki zitakuwa hazijapanda, zitakatwa kwa gesi, na Ikinga wataishia kupimwa macho tu. Upasuaji hautakuwepo. Mkataji alikuwa amekwisha kufika. Ni Twaibu, ameketi juu ya mtungi wake wa gesi na miwani paji la usoni, mtulivu kama msimamizi wa mtihani.

"Mimi sina haraka, dada," alimwambia Yunisi. "Chuma hakikimbii."

Yunisi alilala kifudifudi nyuma ya gari akachungulia. Fimbo za jeki, ambazo zilipaswa kung'aa kama kijiko cha harusi, zilikuwa zimevaa tope zito la kijivu. Alilikwangua kwa ukucha, akalisugua baina ya vidole, kisha mbele ya madereva wa Zambia waliokuwa wakisubiri karatasi zao za mpakani, akalilamba.

"Chumvi," akasema. "Hii ni ya Ivuna."

Shaban alikiri kwamba walikaa Ivuna siku kumi na mbili, jirani kabisa na wachemsha chumvi, na kwamba upepo wa kule haubishi hodi. Lakini yeye hakuwa mzembe. Kila asubuhi alizipaka fimbo zile grisi, nene, mpaka vidole vikazama.

"Nani alikwambia upake grisi?" Yunisi aliuliza kwa ukali.

 Shaban alinyoosha mkono tu kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye kontena, ambako bango la futi sita lilisomeka: YUNISI FUNDI JEKI. KILA CHUMA KINATAKA GRISI.

Madereva wa Zambia waligeuka wote kulisoma, kama wanafunzi mistarini jina la mkosaji linapotajwa. Hata king'ora kilionekana kushusha sauti. Ni kweli. Kabla gari halijaenda Ivuna, Yunisi mwenyewe alilifungua, akalisifu, na wakati wa kuagana akamkumbusha Shaban asome bango. Alizoea jeki za malori, ambazo fundi yeyote wa Tunduma huzipaka grisi kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Hakufikiri kwamba fimbo inayokaa nje siku kumi na mbili, ikiwa na grisi mwilini, inashika kila punje inayopita.

Angeweza kusema kwamba Shaban alizidisha. Twaibu alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu kwa ajili hiyo. Yunisi alimwendea Daktari Bushra, akasimama wima.

"Kosa ni langu, daktari. Niachie hadi saa saba. Nikishindwa, mwenge wa Twaibu nitauwasha mimi."

Daktari alitazama saa yake, akamtazama yeye, akaingia ndani kuzima king'ora. Hakikuzimika.

Kazi ikaanza. Kwanza magogo. Yunisi alipanga magogo mazito chini ya chasisi, akayakaza kwa kabari, maana hakuwa tayari kufa chini ya nyumba ya wastaafu. Kisha maji ya moto kutoka lile jiko la heshima, ndoo baada ya ndoo, mpaka chumvi ikalegea. Kisha mafuta ya taa na fulana ya kampeni ya mgombea aliyeshindwa, ambayo hatimaye ilipata kuwatumikia wananchi. Kwenye mifereji ya mdomo wa jeki alitumia mswaki. Shaban, kwa nia njema, alileta msasa, akafukuzwa nao. Mkwaruzo mmoja kwenye fimbo, Yunisi alimfafanulia, unachana sili, ule mpira unaozuia mafuta, kila inapopita, na jeki inayovuja haiponi.

Saa tano fimbo ziling'aa. Akazipangusa kwa mafuta mepesi ya haidroli, akazifuta tena mpaka kitambaa kikatoka kikavu, akamwambia Shaban abonyeze. Chini kidogo, juu kidogo. Chini kidogo, juu kidogo. Madereva wa Zambia wakawa wanahesabu kwa sauti. Walipofika thelathini na moja, jeki ya kulia ilijikohoza, ikapanda yote, ikagonga kituo chake.

Ya kushoto ilibaki palepale.

Saa sita na robo. Twaibu alishusha miwani yake kutoka paji la usoni hadi machoni, polepole, ili kila mtu aone.

Yunisi alichuchumaa akiitazama jeki ile kama mtu anayetazama mbuzi mkaidi. Mafuta yalikuwa na njia ya kurudi, valvu aliifungua mwenyewe kwa mkono. Fimbo ilikuwa safi. Iliyochoka ni springi, kutu imekula nguvu yake. Basi ikikosa wa kuvuta, itapata wa kusukuma.

"Kaka Twaibu," akasema, "nataka hiyo sepetu yako ya mchanga wa kuzimia moto."

"Unaizika?"

"Nipe."

Akachimba chini ya kikanyagio, ile sahani ambayo jeki inakanyagia ardhi, udongo mgumu, jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu. Shimo lilipotosha, akaingiza jeki yake ndogo ya lori, ile ya chupa, akaisimamisha chini ya kikanyagio akaanza kupiga mkono wake wa chuma. Jeki ikaisukuma jeki. Fimbo ililia, ikakwama, akapumzika hesabu ya kumi, akapiga tena. Mara ya saba ilisogea upana wa kidole. Mara ya ishirini ilisogea kiganja. Twaibu alikuwa amevua miwani na kupiga magoti, akimshikia chupa isiyumbe, bila kuombwa. Halafu springi ikakumbuka kazi yake, ikanyakua kilichobaki.

King'ora kikanyamaza. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba bata wa jirani walisikika wakigombana.

Saa sita na dakika hamsini. Wakati Shaban akitoa magogo, Yunisi alivuka barabara na kopo la rangi. Hakufuta bango lake, rangi ni ghali. Aliongeza mstari mmoja chini: LAKINI ULIZA KWANZA. Kisha akachukua begi, na springi mpya ya lori iliyokaribia kulingana na ile iliyochoka, akapanda.

Jumapili, Ikinga, miguu minne ilishuka bila kunung'unika, na Yunisi akakaa nyuma ya gari na kitambaa kikavu, akifuta kila vumbi lililothubutu kutua. Jumatatu asubuhi Daktari Bushra alimfungua Bibi Tusekile bandeji. Bibi alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake, kisha akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kuanzia juu hadi chini.

"Yunisi," akasema kwa Kindali, lugha ya kwao, "miaka yote hii ulikuwa unatembea na grisi sikioni, na hakuna aliyeniambia?"