Mkono wa Mama Kwenye Kipande cha Kwanza

Fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye wote tunamwita Mama Pindo, anasema mama yetu alikufa na kiu. Anasema alikuja kurudisha bakuli letu, akachungulia dirishani kabla ya kupiga hodi, akamwona mgonjwa amenyoosha mkono kuomba maji, na mwanawe wa kumzaa, badala ya kumpa kikombe, akamsogezea kamera.

"Nimeona kwa macho yangu haya mawili," huwaambia wateja wake, pini akiwa amezibana mdomoni. "Sikusimuliwa."

Mimi nilikuwemo chumbani. Nilikuwa nimekaa miguuni pa mama, namkanda nyayo. Kiu hakuwa nayo, nilikuwa nimetoka kumnywesha. Mkono Mama Pindo aliuona kweli, ila dirisha lilikuwa limefungwa na neno hakulisikia. Mama alinyoosha mkono ili azibe kioo cha kamera. Alisema, "Zima, baba. Leo usinipige." Sauti yake ilikuwa imebaki uzi, lakini tuliisikia sote wawili. Mdogo wangu alichelewa kidogo, kisha akazima. Siku ya tatu tukamzika.

Mama Pindo sijawahi kumsahihisha. Ningeanzia wapi? Nikimwambia mama hakuomba maji, lazima nimwambie aliomba nini.

Mdogo wangu anapiga video kwenye studio ya mtu: harusi, mahafali, siku za kuzaliwa za watoto wa wenye nazo. Moyo wake lakini uko kwenye chuo cha filamu, kile kinachochukua watu wachache kila mwaka na kuwagharamia kila kitu. Mwaka jana aliomba, wakamjibu kwamba kazi zake ni safi ila wao hawakumwona yeye ndani yake. Alikaa na jibu hilo kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Mwaka huu ndio wa mwisho kwake, maana akivuka umri wake huu hawampokei tena.

Chuo hakijali sana vyeti. Kinataka potifolio, yaani kazi zako bora za video na za sauti, zimepangwa pamoja hivi kwamba mgeni akifungua anakujua bila kukuuliza. Mdogo wangu alinielewesha taratibu. Mimi niliishia darasa la saba, na hajawahi kunidharau kwa hilo. Kila kipande kiwe kifupi. Chini yake uandike ni kitu gani na wewe hasa ulifanya nini, usijivike kazi ya mwenzio. Sauti isikike hata kwenye simu mbovu. Na kilicho bora kuliko vyote kikae mbele, kwa sababu waamuzi wana kazi za watu wengi mno. Usipowakamata mwanzoni wanapita zao.

Mwamuzi wa majaribio nilikuwa mimi. Alikuwa ananikalisha mbele ya kompyuta, yeye anakaa pembeni, haangalii video, anauangalia uso wangu.

"Umechoka wapi, dada?"

"Kwenye keki ya tatu."

"Ulikuwa unawaza nini?"

"Kama nimefunika maziwa."

Alicheka mpaka akajishika mbavu, akazitoa keki zote. Kipande cha sauti alichowarekodi wabeba mizigo wa sokoni nilikisikiliza nimefumba macho, na nikamwambia nimewanusa jasho. Siku hiyo alitembea kifua mbele. Lakini cha kukaa mwanzoni kilikuwa bado hakijapatikana.

Aliyekiona ni bosi wake. Alikuwa anatafuta harusi ya mteja kwenye kompyuta ya mdogo wangu, akafungua kisichomhusu, na mkono wa mama ukajaa kwenye kioo.

"Kijana, wewe hamnazo," alimwambia. "Una kitu kama hiki, unanisumbua na keki? Mama anambariki mwanawe! Weka mbele. Wasipokuchukua kwa hiki, wakifunge chuo wauze mkaa."

Mdogo wangu alinisimulia hayo jana, amesimama mlangoni, hajavua viatu. Nikamwomba anionyeshe.

Kinaanza na pumzi ya mama. Huoni uso, unaona shuka tu ikipanda na kushuka. Kisha mkono unainuka, mwembamba, polepole, unakuja. Mwanga wa dirisha unapita katikati ya vidole. Kiganja kinasogea mpaka unaona mistari yake yote, halafu giza. Hakuna neno hata moja. Mtu asiyejua atasema ni mama anampapasa mwanawe shavuni. Hata mimi niliyekuwepo, nusura niamini hivyo.

"Hapa pamekatwa," nikasema.

"Wapi?"

"Kabla mkono haujafika. Mama alisema kitu."

Alianza kuvua viatu. Alifungua kamba moja kwa muda mrefu sana.

"Si unakumbuka alisema nini?" nikamuuliza.

"Nakumbuka, dada. Usifikiri naweza kusahau."

"Basi kirudishe."

"Nikikirudisha si video tena. Wataona mtu aliyekataa, na mtoto asiyesikia."

"Weka ile nyingine, ile anayocheka. Ile aliyokuambia umpige vizuri asije akaonekana kama jini."

"Ile ni tamu kwetu sisi. Kwao ni mama yeyote anacheka." Akaja akakaa sakafuni karibu na kiti changu, kama alivyokuwa anakaa zamani nikimsuka mama nywele. "Dada, siku nyingine zote alikubali. Alikuwa anachana nywele kabisa, anauliza mwanga uko upande gani. Kukataa alikataa siku moja tu."

"Siku hiyo hakuchana."

Akasema, "Nani alikuwa ananiambia kila asubuhi nisife na harusi za watu? Si yeye? Aliyetaka niende ni yeye mwenyewe."

Hilo nalo ni kweli. Nikainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Chuo kina sharti lingine. Mtu akionekana kwenye video akiwa mgonjwa, lazima awe ameridhia. Kama ameshafariki, aliyemuuguza aseme kwa sauti yake mwenyewe, irekodiwe, kwamba marehemu aliridhia. Mwombaji hawezi kujisemea. Na mama aliuguzwa na mimi. Mimi nilimgeuza, nilimwogesha, nilimlisha, mdogo wangu akiwa kazini kututafutia.

Leo jioni maombi yanafungwa. Mchana mdogo wangu alitundika mablanketi ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi. Akachomoa feni. Ikabaki cherehani ya upande wa pili, inayokwenda kama mvua ya mawe. Tukatoka wote wawili.

"Shikamoo, Mama Pindo. Tunaomba utupumzishie cherehani kidogo tu."

"Marahaba. Mnarekodi nini tena? Msiba si ulishaisha?"

"Kazi ya chuo, mama," akasema mdogo wangu.

"Ya chuo! Haya. Kamera haikumpa mama yenu maji, itawapa nyinyi mkate?" Mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akaangalia chini. "Nanyamazisha, wanangu. Msije mkasema nawazibia riziki."

Mdogo wangu alisema asante. Nilimwona shingo imemsimama mishipa. Angeweza kumwambia kwamba yale ya maji si kweli. Naye hakumwambia. Tulirudi ndani bila kutazamana, kila mmoja akijua mwenzake amenyamazia nini.

Alinikalisha kwenye kigoda. Akapima kwa kiganja kutoka mdomoni kwangu mpaka kwenye maikrofoni, akaniwekea mto mapajani ili mikono yangu isigonge kitu. Kazini ni mpole sana. Ningekuwa bibi harusi ningependa anipige yeye.

"Sema umekula nini, nipime sauti."

"Chai na mkate."

"Sogea nyuma kidogo. Tena."

"Chai na mkate. Mkate ulikuwa wa juzi."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana. "Sauti yako inafanana na yake, unajua? Hapa kwenye spika za masikio inafanana kabisa." Tabasamu likamtoka usoni kabla hajamaliza kusema. Akajipangusa macho kwa bega.

"Sasa useme hivi tu, dada. Mimi ni binti yake, ndiye niliyemuuguza, na mama aliridhia kuchukuliwa video hii. Basi. Polepole, kama unavyoongea siku zote."

Akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Nilifungua mdomo, na maneno yalikuwepo yote, yamejipanga. Ya kwanza mawili ni kweli tupu. La tatu ndilo lilikuwa limekaa kama punje ya mchanga ndani ya wali. Nikawaza, mama akiulizwa leo, na akamwona mtoto wake alivyokonda, huenda angesema kiwekeni, mkono ni wangu, kitumieni. Mama ni mama. Lakini wao hawaniulizi angesema nini leo. Wananiuliza alisema nini siku ile, na siku ile nilikuwepo.

Nikamtazama. Ana mvi mbili juu ya sikio, na ni mdogo wangu. Nikinena, anakwenda, na atakuwa amekwenda kwa mkono huo. Nisiponena, Jumamosi kuna harusi, na Jumamosi nyingine, mpaka azeeke akifukuza mabwana harusi na kamera begani.

"Inarekodi," akanong'ona.

Kwenye kompyuta mstari wa sauti ulikuwa unasonga mbele, umelala. Nje hakuna aliyekuwa anaongea. Akangoja. Akatoa sikio moja kwenye spika, akalirudisha. Akapiga magoti mbele yangu ili macho yetu yawe sawa.

"Dada," akasema. "Nakuomba. Hata kama ni hapana, iseme."