Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Watu walisema Baba Pacha kapatwa na wazimu wa uzeeni. Waache waseme, maneno hayatozwi ushuru. Mtu mzima, fundi wa lifti anayeheshimika, mvi zimeshaanza kumtoka na magoti yanalia akipanda ngazi, eti anatafuta gari la michezo! Lile dogo, lililolala chini chini, ambalo paa lake la turubai hukunjwa likalazwa nyuma ukabaki kichwa wazi. Wenzake kazini walimuuliza kama na nywele ataanza kupaka piko. Yeye aliwajibu kwamba mtu anayeshinda ndani ya shimo la lifti, juu giza, chini giza, grisi hadi kwenye viwiko, ana haki ya kuiona mbingu akirudi nyumbani. Jibu lilikuwa zuri na wote waliliamini. Lakini lilikuwa nusu tu ya ukweli, na ile nusu nyingine aliimeza.

Nusu hiyo ni hii: Baba Pacha alikuwa anatafuta gari lisilo na kiti cha nyuma.

Ngoja nieleze, usije ukamcheka bure. Pale nyumbani lilikuwapo gari kubwa la familia, la siti saba, na siti hizo zilikuwa na itifaki kuliko ikulu. Mbele, kando ya dereva, alikaa Bibi, yaani mama yake mzazi Baba Pacha, aliyeishi nao, mkoba wake mweusi mapajani. Bibi asipokuwapo alikaa shangazi. Shangazi naye asipokuwapo, hakukosekana mgeni wa heshima, au mjomba mwenye mguu mbovu unaotaka kunyooshwa. Mama Pacha, mke wa Baba Pacha, alikaa nyuma. Alikaa nyuma akiwa bi harusi, akakaa nyuma na mapacha wachanga, akakaa nyuma na masufuria na mabegi na watoto wa jirani wanaotapika kwenye kona. Hakuna aliyemwambia akae huko. Alikuwa mkunga, mtu wa kupisha na kusaidia, na heshima alilelewa nayo. Vicheko vyake vilimfikia mumewe pale mbele, ila kilichochekwa hakukijua, na akiuliza, hadithi ilikuwa imeshapita.

Baba Pacha aliyaona hayo ya kawaida, mpaka siku walipowapeleka mapacha chuoni. Waliwashusha na magodoro yao, wakawakumbatia, Mama Pacha akalia kidogo na kupenga kamasi. Kisha wakarudi garini, wao wawili tu. Mama Pacha akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akafunga mkanda.

Baba Pacha akamtazama kwenye kioo. Alingoja labda mwenyewe atashtuka, acheke, ahamie mbele. Wapi! Wakasafiri njia nzima hivyo, mume mbele, mke nyuma, siti ya kando tupu. Walipofika nyumbani moyo ulikuwa unamuuma, unamuuma hasa. Watoto wameondoka, alijiambia, tumebaki mimi na yeye, na hata kukaa pamoja hatujui. Nikizembea tutazeeka hivi hivi, namwangalia mke wangu kwenye kioo kama gari linalotaka kunipita.

Sasa, huyu ni mtu aliyekuwa akishuka kwa kamba kwenda kuwatoa watu waliokwama katikati ya ghorofa, wanapiga kelele na kuomba dua, yeye anawatania. Lakini kumwambia mama yake apishe kiti? Thubutu! Ndipo likamjia wazo la gari la siti mbili. Bibi hawezi kulikubali, alipiga hesabu zake, gari liko chini kama kigoda na halina paa. Shangazi ndiyo kabisa. Atabaki Mama Pacha, na nyuma kwenyewe hakupo. Mambo yatakuwa yamejimaliza bila mtu kufungua kinywa.

Gari lilipatikana kwa daktari wa meno mmoja mstaafu, mzee mrefu mwenye sauti ya upole. Baba Pacha alikwenda kuliona na shemeji yake, mdogo wake Mama Pacha, ambaye ni fundi magari. Njiani shemeji alimpa masharti.

"Shemeji, ukifika pale usicheke. Usilisifie. Ukiulizwa unalionaje, guna. Mimi nitatafuta kasoro, wewe gunaguna, bei itashuka yenyewe."

"Sawa."

"Na uniambie ukweli. Gari la siti mbili la nini? Familia utaiweka wapi?"

"Itabaki nyumbani."

Shemeji akamkazia macho. "Hicho kiti cha pili ni cha nani? Maana mimi dada yangu ni mmoja tu."

"Ni cha dada yako," Baba Pacha akasema, macho dirishani. "Hajawahi kukaa na mimi mbele."

Shemeji alimpiga kofi la mgongoni lililomtoa chozi, na hakuuliza tena.

Daktari alifungua banda. Gari lilikuwa la buluu, safi, taa zake mbili za mviringo zimetoa macho kama limeulizwa swali gumu. Baba Pacha akasahau kuguna. "Loo!" akasema. Shemeji akamkanyaga mguu.

Wakaanza kazi. Shemeji alilala chini, akagonga huku na kule, akanusa oili, akawasha injini na kuisikiliza huku amefumba macho. Akamkalisha Baba Pacha ndani, paa limefungwa, akaomba ndoo ya maji akaimwaga yote juu ya turubai. Tone moja likapenya kwenye mshono, likamwingia Baba Pacha shingoni.

"Linavuja!" shemeji akapaza sauti kwa furaha, maana hapo ndipo bei ingeanza kushuka.

"Kidogo tu," akasema Baba Pacha.

"Shemeji, nyamaza."

Daktari akatabasamu. "Sikatai, ni gari la zamani. Kiti cha dereva ngozi imepasuka, mnaona wenyewe. Lakini kiguseni hiki cha pili. Kama kimetoka kiwandani jana."

Baba Pacha akapitisha kiganja. Kweli, ngozi ilikuwa laini, haina hata kunyanzi. "Imekuwaje?"

"Hakijakaliwa. Nilipolinunua nilimwahidi mke wangu tutatembea. Nikawa nasema wiki ijayo, wagonjwa wakipungua." Daktari alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Meno ya watu hayaishi, bwana. Yeye alichoka kungoja. Siku hizi ana kwake."

Baba Pacha aliendelea kukishika kile kiti. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe ya miaka ijayo.

"Nalichukua," akasema. "Kwa bei yako uliyoitaja."

"Shemeji!" fundi akashika kichwa. "Hata boneti sijafunga!"

Njia nzima ya kurudi shemeji, akifuata nyuma na gari lake, alimlaani mtu asiyejua kununua. Baba Pacha hakusikia kitu. Alikuwa amefungua komeo mbili zinazoshika paa, akalikunja nyuma, na upepo ulimpiga usoni hadi macho yakamtoka machozi. Alikuwa anacheka peke yake kwenye taa nyekundu. Mama mmoja aliyekuwa akivuka alimwonea huruma.

Nyumbani ukawa mkutano. Majirani walitoka, watoto wakalizunguka, mmoja akauliza kwa nini amenunua gari ambalo halijamalizwa kutengenezwa. Mama Pacha alisimama mlangoni, akaangalia gari, akamwangalia mumewe na nywele zake zilizosimama wima, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Baba Pacha! Ndiyo nini hii?"

"Nenda kajifunge kitambaa," akamwambia. "Twende tukatembee."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mama Pacha akakimbia ndani. Mkunga mzima, aliyezalisha nusu ya mtaa ule, alikimbia kama msichana aliyeitwa dukani kuchagua viatu. Baba Pacha akabaki anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Ndipo Bibi akatoka. Amevaa miwani. Ana mkoba.

"Nifungulie mlango, mwanangu."

"Mama, hili liko chini. Utaumia kiuno."

"Kiuno changu nakijua mimi. Fungua."

Akafungua. Angefanyaje? Bibi akaingiza mguu mmoja, akapumua, akamshika mwanawe bega, akajishusha kwa mafungu mafungu hadi akakaa kwa kishindo. Akaupakata mkoba mapajani. "Laini," akasema.

Mama Pacha akatoka wakati huo huo. Alikuwa amejifunga kitambaa cha manjano, amejipaka wanja. Akaona. Uso ulibadilika kwa kitambo kidogo tu, wengine wasingegundua, kisha akatabasamu. "Aa, nendeni, nendeni. Mimi nina nguo za kuanua." Akageuka, na kwenye kamba hakukuwa na nguo hata moja.

Baba Pacha aliwasha gari. Walipita kona ya kwanza, Bibi akisalimia watu kama mgeni rasmi. Walipita kona ya pili. Kwenye ukuta wa shule Baba Pacha akaegesha, akazima injini.

"Mbona umesimama? Limeharibika tayari?"

"Mama." Alikuwa anautazama ule mkoba. "Gari hili nimelinunua ili mke wangu akae hapo ulipokaa. Nisamehe. Yeye hajawahi kukaa na mimi mbele, tangu tuoane, na mimi nataka akae. Sikujua nikuambieje."

Bibi alifungua mkoba, akatoa peremende, akaifungua taratibu, akaitia mdomoni. Baba Pacha alitamani ardhi ipasuke.

"Kwa hiyo umemwacha mwenzio kajifunga kitambaa," Bibi akasema mwishowe, "ukanipakia mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Mjinga wee." Na sauti yake ilikuwa imelainika, karibu inalia. "Mimi huko mbele jua linanichoma macho, mkanda unanikaba. Nyuma ndiko raha, mtu unasinzia. Lakini namwona mkeo kila safari anakwenda nyuma mwenyewe, hakuambiwa, wewe humwiti. Nikajua mnanuniana. Nikasema nisimwache mwanangu aendeshe kama mtu aliyetengwa. Miaka yote hiyo nimekaa hapo ili usione upweke!"

Baba Pacha akamgeukia mama yake.

"Geuza gari," Bibi akasema. "Upesi, kabla hajanawa uso."

Walipofika, Bibi alianza kupiga kelele kabla hata gari halijasimama. "Mkwe! Wee mkwe! Njoo huku! Mumeo kanunua gari ili ukae mbele, ulimi wake kaupeleka wapi sijui!" Majirani wote wakasikia. Mama Pacha akatoka, wanja umeanza kufutika upande mmoja. Ilibidi yeye na mumewe washirikiane kumtoa Bibi kwenye kile kiti, mmoja huku, mwingine kule, wakihesabu moja mbili tatu, na Bibi akawagombeza wote wawili kwa kumchelewesha. Akamkabidhi Mama Pacha peremende mbili za njiani.

Wakaondoka. Walikuwa wanaoneana aibu, watu waliolala kitanda kimoja maisha yao yote ya utu uzima.

"Kumbe ukiendesha unang'ata mdomo," Mama Pacha akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Na ukipitwa unatukana kimya kimya. Nimekuona."

Upepo ulikuwa unayachota maneno, basi Baba Pacha akapunguza mwendo ili amsikie vizuri. Mama Pacha akaanza kumsimulia kuhusu mama mmoja aliyejifungua jana yake, na mume aliyezimia mlangoni, na wauguzi wakamlaza mume kwenye kitanda alichoandaliwa mke. Baba Pacha akacheka hadi akayumba. Akapunguza tena mwendo. Mtu wa baiskeli aliyebeba kreti za mikate akawapita, akawaangalia kwa masikitiko.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Yaani umenunua gari zima."

"Ndiyo."

"Ili nikae mbele."

"Ndiyo."

"Si ungeniambia tu, njoo mbele? Maneno mawili. Ningekuja siku yoyote. Hata kwenye lile bovu la kwanza, la kusukuma, ningekuja."

Macho yalimwasha Baba Pacha, na safari hii haukuwa upepo. "Nilishindwa," akasema.

"Najua." Mama Pacha akakaza kitambaa chake. "Na mimi nilikuwa nataka uniite, nikashindwa kusema. Tumekutana wajinga wawili."

Akauweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, pale kwenye gia.

"Nakupenda, mke wangu," Baba Pacha akasema, kwa sauti kubwa, kwa sababu ya injini.

"Nimesikia. Sasa usibadilishe gia."

Hakubadilisha. Wakaenda na gia ya pili barabara nzima, injini inalalamika, foleni ya magari nyuma yao inapiga honi, na Mama Pacha akaendelea na habari za yule mume aliyezimia.