Mpaka Amalize Kusoma

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa. Upande wa kushoto mistari imenyooka; upande wa kulia nywele zimesimama zikingoja zamu yao. Injinia alikuwa amekaa sakafuni katikati ya magoti ya msusi, mkononi ameshika tasnifu yake, akirudia kimoyomoyo namna atakavyowaeleza maprofesa habari za zege lililochanganywa na majivu ya pumba za mpunga. Jumatatu ndiyo siku ya kuitetea. Akipita, shahada ni yake. Asipofika, basi, miaka yote ya ugenini imekwenda na maji. Kwao walianza kumwita Injinia tangu siku aliyopanda ndege, na huku ugenini jina likamganda vilevile.

Mlango ukagongwa. Akaingia wifi wa msusi, aliyewasili wiki ile kutoka nyumbani na bado anavaa masweta mawili kwa mpigo. Kumwona Injinia, akatupa mkoba chini na kuja kumshika mikono yote miwili.

"Jamani mdogo wangu, pole. Pole sana kwa msiba. Mama alikuwa mtu wa watu. Siku ya kuzika, barabara ilijaa mpaka magari yakakosa pa kupita."

Mkono wa msusi ukasimama ndani ya nywele.

Mkono ule ndio uliosema yote. Mgeni angeweza kuwa amemfananisha, mbona watu wanafanana. Lakini mkono ulisimama, kisha msusi akanong'ona, "Wifi, jamani, si nilikwambia?"

"Ulimwambia nini?" Injinia akageuka, chanuo likiwa limekwama kichwani. "Dada, ulimwambia nini? Mama yangu amekufa?"

Wifi alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja. Msusi akaangalia dirishani.

"Kaka yako alitupigia simu wote," akasema. "Alituomba sana. Alisema ukijua utaacha kila kitu ukimbilie nyumbani. Tusikwambie mpaka umalize kusoma. Ni kwa faida yako, mdogo wangu."

"Wote akina nani?"

"Sote. Watu wa nyumbani tulioko huku."

"Tangu lini?"

"Kabla ya baridi kuanza."

Injinia akasimama, akachukua koti. Msusi naye, kwa kukosa la kusema, akasema, "Ngoja basi nikumalizie upande uliobaki." Kuna watu wakikosa maneno ni heri wanyamaze! Injinia alimtazama kwa jicho ambalo msusi alikuja kulisimulia baadaye kwa watu, kisha akatoka na kubamiza mlango mpaka ngazi nzima ikasikia.

Alitembea kwa miguu hadi chumbani kwake, kichwa nusu kimesukwa, nusu kichaka, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Kabla ya baridi kuanza. Wakati huo alikuwa akifanya kazi za mchana katika nyumba ya kulelea wazee, apate kulipia chumba. Akakumbuka alivyokuwa akiwaogesha mama za watu. Akijaribu maji kwa kiwiko yasiwaunguze, akiwakata kucha, akiwapaka mafuta miguuni, akiwabembeleza wamalize uji. Mama za watu! Na mama yake amelala kitandani kwake, anaoshwa na wengine, na wengine hao wameshakata shauri kwamba binti yake haitwi.

Alipofika chumbani akafungua simu, na hapo ndipo hasira ilipompanda kweli.

Maana mama yake alikuwa akimwandikia. Mpaka juzi! Tangu baridi ianze mama alikuwa hapigi tena, anaandika tu. "Koo linanisumbua mwanangu, sauti haitoki. Wewe soma." Injinia alimwamini, kwa nini asimwamini mama yake? Na kwa kuwa maandishi hayaoni haya, akamwandikia mambo ambayo mdomoni yangemshinda. Alimweleza kwamba analia chooni maabara ikifungwa. Alimweleza habari za yule mwanamume aliyemwahidi ndoa akatokomea. Usiku mmoja alimwandikia, "Mama, nimechoka, nataka kurudi." Mama akajibu, "Vumilia mwanangu. Umebakiza kidogo."

Kaka. Kumbe ni kaka yake mkubwa, ameketi sebuleni na simu ya marehemu, anasoma machozi ya dada yake na kuyajibu kwa jina la mama. Injinia aliona aibu mwili mzima, kama aliyechunguliwa bafuni. Akaitupa simu kitandani. Akaiokota tena, akampigia shangazi yake, dada wa baba, mtu pekee katika ukoo ule ambaye uongo ulimshinda.

"Shangazi, nimejua."

Upande wa pili kikasikika kilio. Shangazi akalia, akaomba radhi, akamtaja Mungu, akalia tena. Injinia hakulia. Alingoja.

"Niambie jambo moja tu. Mama mwenyewe ndiye aliyesema nisiambiwe?"

"Mwanangu..."

"Ndiye aliyesema?"

"Hapana," shangazi akasema. "Alikuita. Alikuwa akiuliza, 'Mmempigia? Anakuja?' Kaka yako akamwambia yuko njiani. Kila alipouliza, yuko njiani. Mpaka akakata roho anautazama mlango. Mimi nilisema, mwanangu, haki ya Mungu nilisema. Lakini unamjua kaka yako, akishasema yeye, nyumba nzima mdomo koma."

"Usimwambie kwamba najua."

"Simwambii. Lakini ukamalize mtihani wako, mama. Usije ukakosa vyote."

Ukakosa vyote! Injinia akakata simu. Hapo hapo akaamua kwamba Jumatatu haendi. Hiyo shahada waliyomfanya mama yake afe akitazama mlango, wataisubiri mpaka wachoke. Kaka alikuwa ameshawatangazia watu. Shangazi alikuwa amemdokezea kwamba hata turubai la sherehe limeshatafutwa. Na alikunje turubai lake, ajifunike nalo! Alikaa Jumamosi nzima akiifurahia picha hiyo: kaka amesimama mbele ya wageni, hana injinia, hana shahada, hana pa kuficha uso. Jumapili akaifurahia tena, ila kidogo.

Jumatatu asubuhi alikuwa bado kitandani, na macho yakamwangukia mikono yake. Vidole vilikuwa na mabaka pale saruji ilipomla. Alikumbuka alivyochoma pumba zile mwenyewe, akazichekecha, akakoroga zege kwa sepetu kwa sababu mashine ya maabara ilikuwa haina nafasi kwa mgeni. Alikumbuka vipande alivyoviweka kwenye mashine ya kukandamiza, vikapasuka kimoja baada ya kingine, na alivyorudia upya mpaka kikatokea kimoja kilichogoma kupasuka. Kaka yake alikoroga lipi? Alinyanyua hata sepetu moja? Kwa nini basi aiache kazi yake kana kwamba ni mali ya kaka? Wamemnyang'anya mazishi. Hawatamnyang'anya na zege.

Akaoga, akafunga kilemba kuficha kile kichwa cha nusu kwa nusu, akaenda.

Maprofesa walikuwa nyuma ya meza ndefu. Mmoja, mwenye kikohozi cha dharau, akauliza kama majivu si njia tu ya maskini kukwepa saruji. Siku nyingine Injinia angetabasamu kwa adabu. Siku ile alimjibu akiwa amesimama wima, takwimu zinamtoka mdomoni bila kutazama karatasi, akamweleza ni kiasi gani cha majivu kinaimarisha zege na ni kiasi gani kinaliharibu, na kwa nini, na nani atalaumiwa nyumba ikianguka. Sauti yake ilitetemesha glasi za maji. Profesa akarekebisha miwani na hakukohoa tena. Msimamizi wake alipotoka nje kumpa mkono alikuwa anacheka.

"Umepita, tena vizuri. Nilikuwa sijui kwamba una moto kiasi hicho. Nyumbani kwenu watafurahi sana."

"Watafurahi," Injinia akasema.

Alikuwa hajafika mwisho wa ukumbi simu ikaita. Kaka, kwa video. Akapokea. Sebule ya kwao ilikuwa imejaa pomoni: wajomba, mama wadogo, binamu, majirani, na kwenye kochi wazee watatu wa ukoo wamekaa wima na kofia zao. Alielewa mpango mzima bila kuambiwa. Kwanza furaha, kisha wazee wataleta habari kwa utaratibu, na kaka atakaa pembeni mikono misafi.

"Haya, sema!" kaka akapaza sauti. "Umepita au hukupita?"

"Nimepita."

Vigelegele vikalipuka mpaka simu ikakwaruza. Kaka akainua mikono kama aliyefunga bao yeye. Watu wakakumbatiana. Shangazi peke yake alikuwa amejibanza kando ya pazia, kanga imefunika uso. Kaka akawatuliza watu kwa kiganja, akashusha sauti, akavaa sura ya huzuni.

"Hongera, mdogo wangu. Umetutoa kimasomaso. Sasa tafuta mahali ukae. Kuna jambo wazee wanataka kukueleza."

"Wazee wanisamehe," Injinia akasema. "Kwanza nipe mama. Nataka nimwambie mwenyewe."

Mzee mmoja akavua kofia, akamtazama kaka. Wote wakamtazama kaka. Alikuwa na nafasi yake pale, pana, na wazee walikuwa ubavuni mwake kumsaidia. Lakini mtu aliyezoea kusema uongo kila wiki, ulimi humtangulia.

"Mama... mama amejipumzisha kidogo chumbani. Usingizi umempitia."

"Mwamsheni," Injinia akasema. "Mimi nangoja."