Kompyuta ya Asnath na Zawadi ya Baba Mdogo

Binti yangu Asnath alihariri mikanda ya harusi kwa miaka mitatu kwenye studio ya baba yake mdogo, Benedicto, pale Korogwe mjini. Kazi alifanya yeye, jina lililoandikwa lilikuwa la Benedicto. Mwaka huu mzee Mhina wa Kang'ata, anayenunua mahindi Mkata, akamtafuta yeye mwenyewe. Anamuozesha binti yake, na anataka mkanda utengenezwe na Asnath, si na studio. Ilibidi Asnath awe na kompyuta yake. Asipoipata kabla ya harusi, kazi itaenda kwa Benedicto na yeye atarudi kwenye kiti chake cha plastiki pale studio.

Mimi nina diploma ya ugavi na natunza stoo kwenye shamba la mkonge. Kununua vifaa ndiyo kazi yangu. Nilitaka twende wawili, tununue, tuwe tumerudi nyumbani Makuyuni kabla ya chakula cha mchana. Lakini mume wangu alishafariki, na kwa ukoo wake kitu kikubwa cha mtoto hakinunuliwi bila mtu wa upande wa baba kusimama pale. Baba mkwe alimpigia Benedicto simu, na Benedicto akaja dukani na miwani ya jua.

"Shikamoo, baba mdogo," Asnath alisema.

"Marahaba. Haya, tumwone mpinzani wangu anavyonunua silaha."

Sharifu mwenye duka alicheka. Asnath hakucheka. Alikuwa ameshachagua: mashine ya mezani ya mtumba, zile zinazotolewa maofisini Ulaya, kasha jeusi lililochubuka lakini prosesa nzuri ndani. Alitaka aongezewe RAM ifike giga kumi na sita, awekewe SSD mpya, diski ya ndani yenye kasi, kwa ajili ya kazi inayoendelea, na kadi ya picha iliyotumika, ili video zisikwame na gemu zake zifunguke.

"Hii ni kompyuta ya ofisi ya kata," Benedicto alisema, akaligonga kasha kwa kidole. "Sharifu, mpe ile ya mataa. Mteja akiingia akute taa zinawaka, ajue amefika studio."

"Ile ya mataa prosesa yake dhaifu," Asnath akasema.

"Kwani mteja anaiona prosesa?"

"Anauona mkanda umechelewa."

"Msikie." Akanigeukia. "Shemeji, huyu atakufilisi. Anatafuta mashine ya gemu za bunduki, kazi ni kisingizio. Nani ataoa mwanamke anayeshinda anaua watu kwenye kioo?"

"Ambaye hajauawa," nikasema. "Sharifu, fungua kasha tuone ndani."

Ndani kulikuwa na tatizo moja. Pawasaplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme kwa kila kifaa, lilikuwa dogo, la kazi za ofisi tu. Kadi ya picha ingelizidi nguvu. Asnath akaomba kubwa, jipya. Sharifu alikuwa ameshakanyaga ngazi kulishusha Benedicto alipomshika mkono.

"Hiyo naitoa mimi. Ninayo studio, kubwa, haina kazi. Ni zawadi kwa mtoto wa marehemu kaka yangu."

Alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Zawadi ya baba mdogo haikataliwi, zaidi sana kama baba mwenyewe yuko kaburini. Asnath alipiga goti kidogo akashukuru, na duka zima liliona.

Benedicto aliituma jioni kwa bodaboda, imefungwa kwenye gazeti. Nikaipima mkononi. Stoo kwangu wananiletea vipuri bandia mara kwa mara, na vingi nimevirudisha kwa uzito tu kabla ya kuvitazama. Hii ilikuwa nyepesi kama kopo la maziwa lililokwisha, na karatasi yake ya maelezo ilikuwa imekwanguliwa.

"Irudishe," nikasema.

Asnath aliigeuza, akanionyesha weusi wa kuungua pembeni. "Naijua hii. Ndiyo iliyounguza mashine ya zamani pale studio. Inawaka vizuri tu. Ukiipa kazi nzito, baada ya muda inapasuka na inaondoka na kila kilichochomekwa."

"Naye anajua?"

"Aliichomoa kwa mikono yake, huku anatukana."

Basi mpango wake ulikuwa wazi. Mashine ingewaka vizuri, ingeungua katikati ya kazi ya Mhina, picha za harusi zingepotea, na Asnath angekuwa hadithi ya kuchekwa kuanzia Handeni hadi Korogwe.

"Tununue nyingine kwa Sharifu. Hii tuitupe chooni."

"Jumapili wanakuja, mama."

Ni kweli, wanakuja. Chombo kipya cha mtoto huonyeshwa kwa upande wa baba kabla hakijafanya kazi. Kinaombewa, kinawashwa mbele yao, na kama kuna zawadi ndani yake, mtoaji anaonyeshwa zawadi yake mahali ilipo. Babu Laurenti, baba mkwe wangu, angetaka kasha lifunguliwe aione ya Benedicto. Kumwambia ni mbovu, bila ushahidi, ni kumwita mwanawe mchawi.

"Niachie mimi," Asnath akasema, akachukua bisibisi.

Jumapili walifika kutoka kanisani. Benedicto alikuja na begi lake la kamera, maana haliachi popote. Babu Laurenti aliomba sala ndefu, kasha likafunguliwa, zawadi ikaonekana, mashine ikawaka. Babu akapiga makofi. Benedicto akaanza kuaga.

"Babu," Asnath alisema, amepiga magoti. "Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kazi. Naomba mkanda wa kwanza humu uwe wake. Achomeke diski yake anayohifadhia harusi, nimtengenezee mmoja hapa hapa, iwe baraka."

"Diski nimeiacha," Benedicto akasema.

"Iko mfuko wa mbele wa begi, baba mdogo."

"Ina kazi za watu hiyo."

"Na mashine ni ya nini kama si ya kazi za watu?" Babu aliuliza. "Chomeka, mtoto amekuheshimu."

"Baba, tutachelewa."

"Tutachelewa wapi? Ile uliyotoa ni nzima au si nzima?"

Nilikuwa namimina chai. Nilimtazama. Mlango ulikuwa wazi kabisa kwa ajili yake: angesema tu, baba, nimekosea, nilitoa ile mbovu. Angeona aibu kidogo, angekunywa chai, angekwenda kwake.

"Ni nzima," Benedicto alisema.

"Basi chomeka."

Alichomeka. Asnath alichagua harusi ndefu kuliko zote na kuianzisha, na feni zikaanza kuvuma. Benedicto hakutazama kioo, alitazama nyuma ya kasha. Alipeleka mkono kwenye waya wa diski, Babu akamwambia amwache mtoto afanye kazi. Akapeleka tena, Babu akamkazia macho. Shati lilianza kumlowa kwapani. Nikamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Ilipasuka kama chupa iliyodondoka kwenye sakafu. Moshi ukatoka nyuma ya kasha na kioo kikawa cheusi. Asnath alizima ukutani bila haraka, akachomoa diski ya baba yake mdogo, akaichomeka kwenye laptopu yangu ya kazini. Haikuonekana. Akajaribu upande wa pili. Haikuonekana. Akamrudishia kwa adabu.

Kisha akachomoa zawadi kwenye kasha na kumwonyesha Babu weusi wa zamani, weusi wa leo, na vifaa vyake vyote vilivyoungua nayo, akaeleza iliunguza nini studio na nani aliichomoa. Babu alimuuliza mwanawe kama ni kweli. Benedicto alikuwa anaigeuzageuza diski mkononi.

"Kesho atakuja kwako," Babu akasema. "Utamlipa kwa vifaa vyako. Achague mwenyewe, nawe umshikie taa."

Nilikwenda naye, sikutaka kukosa. Asnath aliifungua ile mashine kubwa ya studio na kuchagua kama aliyeko dukani. Alichukua madabodi, ule ubao unaobeba vifaa vyote, pamoja na prosesa yake, akachukua SSD, akachukua kadi ya picha, ambayo ilikuwa nzuri mara mbili ya ile yake iliyoungua. Benedicto alimmulikia kwa simu. Alipofika kwenye RAM, Benedicto alisema taratibu, "Nibakizie hata moja."

"Ya nini, baba mdogo? Huna pa kuichomeka."

Akazichukua zote. Pawasaplai tulinunua mpya kwa Sharifu, nikaipima mwenyewe.

Katikati ya wiki mjini hakukuwa na habari nyingine. Ile harusi ndefu iliyopotea na diski ilikuwa ya Josefina, muuza vitenge, ambaye alikuwa bado hajakabidhiwa mkanda wake. Baba yake alicheza sana siku ile, na mwezi uliopita wamemzika. Josefina alikaa chini mlangoni pa studio akalia kwa sauti, kesho yake akarudi, akakaa tena. Watu waliolipa malipo ya awali walianza kuja kuyadai. Benedicto akafunga mlango kwa ndani.

Nilimkuta Asnath anahariri, mashine inakimbia kama maji.

"Ulijua ile harusi ni ya nani?"

"Nilijua. Niliihariri mimi."

"Na nakala hakuna?"

Alivuta droo, akanionyesha flashi. "Ipo. Kila kazi niliyofanya pale ninayo."

"Kwa hiyo Josefina anamlilia baba yake, na baba yake yuko kwenye droo."

"Akilia pale, kila anayepita anamwona. Jumatatu nitampelekea mkanda, una jina langu."

Nilimfikiria Josefina. Hata kitenge nilichovaa nilinunua kwake, na alinipunguzia bei. Nikamfikiria pia mzee Mhina, harusi ya binti yake ni Jumamosi, na nusu ya wageni wake wanatoka Korogwe.

"Jumatatu ni mbali," nikasema. "Watu wataanza kuuliza ulikuwa wapi siku zote hizo. Mpelekee Jumamosi asubuhi, ukiwa njiani kwenda Kang'ata."

"Na kesho Ijumaa?"

"Kesho ni gulio, mji unajaa. Mwache alie."